Mwenye Kuamua Si Mwenye Kuumia: Shinikizo la Kutoa Programu Isiyopimwa

Tuseme shule moja ya binafsi huko Kampemba, hapa Lubumbashi, imeagiza programu ya kupokea minervali, yaani ada ya shule, kwa simu. Kazi imepewa kampuni ya vijana watano. Mkataba unataja siku ya kufungua masomo, mwanzoni mwa Septemba. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, sehemu ya malipo imekwisha kuandikwa na mezani inakwenda vizuri, lakini hakuna aliyejaribu kuona kinachotokea mtandao ukikatika wakati mzazi amekwisha kuingiza namba yake ya siri. Kijana aliyeiandika anakwenda kwa mwenye kampuni: “Patroni, hii bado.” Anajibiwa: “Itoe tu, tutarekebisha baadaye.” Mwenye kampuni si mtu mbaya. Mkurugenzi wa shule anampigia simu kila asubuhi, na sehemu ya mwisho ya malipo ya mkataba haitoki mpaka programu ianze kutumika.

Wengi wetu tunaofanya kazi hii tumezoea kuliona jambo hili kama mtihani wa ushujaa: mwenye msimamo anakataa, mwoga anakubali. Mimi sikubaliani na mtazamo huo. Unamtwisha mzigo wote kijana mwenye mamlaka madogo kuliko wote mezani, na unamsahau mtu asiyekuwepo mezani kabisa. Swali linalofaa kuanza nalo ni hili: programu ikikosea, hasara itamwangukia nani, na je, huyo mtu ameulizwa?

Kabla ya kulijibu, tukubaliane kwamba hakuna programu iliyopimwa ikamalizika. Mholanzi Edsger Dijkstra, mmoja wa waasisi wa fani hii, alisema tangu mwaka 1969 kwamba kupima huonyesha kuwepo kwa makosa, hakuonyeshi kutokuwepo kwake. Kwa hiyo anayesema “sitoi mpaka iwe salama kabisa” anaahidi kisichowezekana, na patroni ana haki ya kumtilia shaka. Wapo pia wahandisi wanaojificha nyuma ya neno upimaji ili waendelee kupamba kazi yao, na nimewaona. Lakini kati ya programu iliyobakiza makosa yasiyojulikana na programu ambayo hatari yake inajulikana na haijaguswa, pana umbali mkubwa. Kijana wetu wa Kampemba yuko katika hali ya pili. Anajua ni wapi hapajapimwa, na anaweza kueleza kitakachotokea.

Naomba nieleze kitakachotokea, maana hapa ndipo wakubwa wengi hudhani wanaambiwa habari za kitaalamu zisizowahusu. Mzazi anapobonyeza kulipa, programu ya shule inatuma ombi kwa kampuni ya simu, iwe ni M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kampuni ya simu inakata pesa, kisha inatuma jibu: tayari. Sasa jibu hilo lipotee njiani, kwa sababu umeme wa SNEL umekatika na antena ya mtaa imezimika. Pesa imetoka kwa mzazi, lakini programu ya shule haijui. Mwandishi asiye na uzoefu huona majibu mawili tu, imefaulu au imeshindwa, na kimya anakihesabu kuwa kushindwa. Programu inatuma ombi tena, au inamwandikia mzazi kwamba malipo hayakupita na ajaribu upya. Mzazi anakatwa mara mbili.

Dawa yake inajulikana duniani kote. Kila malipo yanapewa namba yake kabla ya kutumwa, na namba hiyo hiyo inarudiwa kila ombi linaporudiwa, ili anayepokea atambue kwamba hili amekwisha kulishughulikia. Kimya kinaandikwa “haijulikani”, wala si “imeshindwa”. Jioni, hesabu ya shule inalinganishwa na hesabu ya kampuni ya simu. Lakini kuandika dawa hiyo hakutoshi. Lazima mtu akae, akate mtandao kwa makusudi katikati ya malipo, tena na tena, katika kila hatua, aone kama kweli mzazi anakatwa mara moja. Huo ndio upimaji unaorukwa tarehe inapokaribia, kwa sababu kwenye maonyesho mbele ya mteja mtandao haukatiki.

Na katika mji wetu kukatika huko ni jambo la kila siku. Programu iliyopimwa ofisini mjini kati, kwenye jenereta na intaneti nzuri, haijapimwa kwa ajili ya Katuba wala Ruashi. Kuna na mengine ya kwetu ambayo mfano ulionakiliwa kutoka nje hauyajui. Tunatumia fedha mbili kwa pamoja, na dola moja ni zaidi ya faranga elfu mbili: programu ikikosea sarafu, hamsini ya mtu inakuwa kitu kingine kabisa. Mtoto wa Kikongo ana jina, postnomu (jina la pili linalofuata la kwanza) na jina la ubatizo, na programu yenye nafasi mbili za majina itachanganya watoto wawili wa darasa moja. Haya hayagunduliwi na kompyuta. Yanagunduliwa na mtu aliyeketi na karani wa shule akamwangalia anavyofanya kazi.

Sasa turudi kwa anayeumia. Mwenye kampuni akitoa programu kabla ya wakati, anapata malipo yake ya mwisho. Mkurugenzi anapata sifa mbele ya wazazi. Anayepoteza ni mama anayeuza mboga katika soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, aliyekatwa minervali mara mbili, ambaye atafunga biashara yake nusu siku kwenda shuleni, atatumwa kwa wakala wa simu, wakala atamrudisha shuleni. Hakukaa kwenye kikao chochote. Hakuna aliyemwambia kwamba wiki ya kwanza anajaribiwa yeye. Na kwake kiasi hicho ndicho mtaji wa mwezi. Kibiashara kosa hili ni dogo, linarekebishika. Kwake linaweza kuwa chakula cha nyumba.

Ndiyo maana napima hatari kwa mambo mawili kabla ya yote: je, anayeibeba amekubali, na je, kilichoharibika kinaweza kurudishwa? Programu ya kuonyesha matokeo ya mpira ikitoka na makosa, hakuna aliyeumia na kesho inasahihishwa. Itoeni. Programu ya minervali iko katikati: pesa inarudishika, ikiwa kuna mtu aliyepewa kazi ya kuirudisha. Programu inayohesabu kipimo cha dawa iko mbali kabisa upande wa pili.

Kisa kinachofundishwa zaidi cha upande huo ni cha Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, AECL. Kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa sita, Marekani na Kanada, mionzi mingi kupita kiasi, na walau watatu wakafa kwa sababu hiyo. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vilivyozuia mionzi kuzidi. Katika Therac-25 viliondolewa, usalama ukaachiwa programu peke yake, na sehemu kubwa ya programu hiyo ilitoka katika mashine za zamani ambazo vizuizi vilikuwa vikifunika makosa yake. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, kosa lilijitokeza mwendeshaji aliyeizoea kazi alipoandika haraka, akasahihisha herufi moja ndani ya sekunde chache. Mpimaji wa polepole asingeliona kamwe. Kampuni iliwahakikishia watu wa hospitali kwamba mashine haiwezi kuzidisha mionzi. Mwendeshaji na mtaalamu wa fizikia wa hospitali ile ile ndio waliokaa wakarudia na kurudia mpaka wakalipata kosa kwa mikono yao.

Kisa cha pili nakipa nafasi zaidi kwa sababu kinafanana na maisha yetu kuliko tunavyodhani. Uingereza, kuanzia mwaka 1999, posta iliweka programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, katika maduka yake ya mitaani. Programu ilikuwa na makosa, na mara kadhaa ilionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Wenye maduka walipolalamika, waliambiwa kompyuta haikosei. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wapo waliojiua. Richard Roll, aliyewahi kufanya kazi Fujitsu, alieleza kwenye televisheni ya BBC mwaka 2015 kwamba wafanyakazi wa kampuni waliweza kuingia katika hesabu za maduka kutoka mbali, jambo ambalo posta ilikuwa ikilikana. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba programu haikuwa ya kuaminika, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa pamoja.

Tafakari hilo ukiwa Lubumbashi. Keshia wa duka, karani wa shule, msichana wa wakala wa pesa kwa simu: sanduku lisipolingana na kompyuta jioni, nani hukatwa mshahara? Ni nani huitwa mwizi? Programu isiyopimwa haiishii kukosea. Inapewa uzito wa shahidi, na shahidi huyo anaaminiwa kuliko binti aliyesimama mbele ya patroni akilia kwamba hakuchukua kitu. Mwandishi wa programu anayejua kwamba hesabu zake zina shaka, akanyamaza wakati karani anafukuzwa, ameshiriki katika kumfukuza. Hapo sioni nafasi ya majadiliano.

Upande wa patroni nao una ukweli wake. Kuchelewa kuna gharama, na mara nyingi gharama hiyo inawaangukia watu wale wale. Kituo cha afya kinachoendelea na daftari lililochanika kinapoteza habari za wagonjwa kila wiki. Kampuni ya watu watano isiyolipwa Septemba inaweza isiwepo Desemba, na programu itabaki bila mtu wa kuitunza. Kuna na tarehe ambazo hazisogei kwa matakwa ya mhandisi. Sote tunakumbuka uchaguzi wa 30 Desemba 2018, ambapo CENI, tume ya uchaguzi, ilitumia mashine za kupigia kura kwa mara ya kwanza karibu nchi nzima, katikati ya mabishano makali kama zilikuwa zimehakikiwa vya kutosha. Kila mtu ana maoni yake kuhusu uchaguzi ule. Kwa mada yetu nataka kuonyesha kitu kimoja cha ufundi: mashine ilichapisha karatasi, mpiga kura akaitia sandukuni, na sheria ilitaka hesabu ifanywe kwa mkono. Hata pale ambapo kifaa kina mashaka na tarehe haisogei, inawezekana kuacha pembeni njia ya karatasi ambayo binadamu anaweza kuikagua.

Ni hapo katikati, kati ya “toa” na “usitoe”, ndipo kazi yetu nyingi ilipo, na ndipo tunapokuwa wavivu zaidi. Programu ya Kampemba inaweza kuanza na darasa la sita tu. Inaweza kupokea malipo huku kitabu cha risiti kikiendelea kuandikwa na karani. Inaweza kuwekewa ukomo wa kiasi, na kitufe cha kuizima ambacho mkurugenzi mwenyewe anajua kukibonyeza. Kampuni kubwa nazo hulipia kupuuza hili: 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani CrowdStrike ilituma sasisho lenye kosa kwa wateja wake kwa mpigo badala ya kuanza na wachache, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikazimika, ndege zikabaki chini na hospitali zikaahirisha matibabu.

Lakini kijana atayasemaje haya? Chama cha wataalamu wa kompyuta cha ACM, pamoja na kile cha IEEE, viliandika kanuni za maadili za wahandisi wa programu mwaka 1999. Zinasema mhandisi aidhinishe programu pale tu anapoamini kwa sababu za msingi kwamba ni salama na imepita vipimo vinavyostahili. Ni maneno mazuri, na nayaamini. Ila yanamdhania mhandisi anayeweza kuondoka leo na kupata kazi nyingine mwezi ujao. Kwetu, mshahara wa kijana mmoja aliyetoka chuo cha UNILU au ESIS Salama hapa mjini unalipa nyumba, dawa za mama, na masomo ya wadogo zake watatu. Kumwambia “kataa” bila kuhesabu hao ni kumpa ushauri ambao mtoaji wake halipii chochote. Kisha kuna heshima. Hapa hatumwambii mkubwa “hapana” mbele ya wageni wake. Ukimwaibisha patroni kwenye kikao na mteja, umepoteza kazi na hoja pia.

Kwa hiyo mwendee patroni peke yake kwanza, mapema, na habari za mama wa soko la Kenya badala ya habari za seva. Kisha, msipoelewana, andika. Nakala iende kwa barua pepe au hata WhatsApp, mradi ibaki. Kitu kama hiki:

“Patroni, programu ya malipo iko tayari isipokuwa jambo moja. Hatujapima kinachotokea mtandao ukikatika katikati ya malipo. Ikitokea, mzazi anaweza kukatwa mara mbili. Tunahitaji siku nne. Ukiamua tuanze kabla, naomba tuanze na darasa la sita peke yake, kitabu cha risiti kiendelee, na tukubaliane nani atamrudishia mzazi pesa na ndani ya muda gani. Naomba unijibu hapa hapa.”

Barua hiyo haina lawama wala kitisho. Inafanya kitu kimoja: inamtaka mwenye kuamua aitaje hatari kwa jina anapoikubali. Ni rahisi sana kusema “itoe tu” kwa mdomo. Ni vigumu zaidi kuandika “nimekubali wazazi wakatwe mara mbili”. Wakubwa wengi wakifika hapo huzipata siku nne ambazo jana hazikuwepo.

Sitasema inafanikiwa kila mara. Roger Boisjoly, mhandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga Challenger, aliandika onyo lake Julai 1985, miezi sita kabla. Usiku wa kuamkia kurushwa, yeye na wenzake walipinga kwa sababu ya baridi. Wakubwa wakageuza uamuzi, na 28 Januari 1986 chombo kikalipuka, watu saba wakafa. Yeye baadaye alitengwa kazini. Onyo halikuzuia kifo, lakini tume ya uchunguzi ililikuta limeandikwa, na kwa sababu hiyo dunia ilijua kilichotokea. Ni malipo madogo, na ni heri kijana ayajue kabla ya kuandika.

Kuna mahali ambapo hata barua haitoshi, nami naona ni pawili. Pa kwanza ni mwili wa mtu: dawa, mionzi, mashine ya mgodini, breki. Pa pili ni uongo. Kuambiwa “toa ingawa hatujapima” ni shinikizo la kazi. Kuambiwa “andika kwamba tumepima” ni kitu kingine. Ni funika kombe mwanaharamu apite, na jina lako ndilo lililo kwenye kombe. James Liang, mhandisi wa Volkswagen, alihukumiwa Marekani mwezi Agosti 2017 kifungo cha miezi 40 na faini ya dola 200,000 kwa sehemu yake katika programu iliyodanganya vipimo vya moshi wa magari. Mawakili wake walieleza kwamba hakuwa kiongozi wa mpango. Hilo halikumwokoa na jela. Wakubwa nao hawako salama: benki ya TSB ya Uingereza ilipohamisha hesabu za wateja wake kwenye mfumo mpya Aprili 2018 bila maandalizi ya kutosha, wateja hadi milioni 1.9 wakashindwa kufikia pesa zao, benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65 mwaka 2022, na aliyekuwa mkuu wake wa habari na mitambo akatozwa ya kwake binafsi, pauni 81,620, mwaka 2023.

Nchini kwetu nako sheria imeanza kusogea. Sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023, Ordonnance-loi namba 23/010, ina sehemu inayolinda data za watu. Na hapa pana mtego ambao wenye nia njema huuingia: wakishinikizwa wapime haraka, wananakili majina na namba za simu za wazazi, au majalada ya wagonjwa, kwenye kompyuta zao za mkononi ili wapimie hizo. Kumlinda mzazi asikatwe mara mbili kwa kusambaza habari zake mjini ni kuhamisha madhara tu. Tengenezeni majina ya kubuni. Si kazi ya zaidi ya saa moja.

Mengi ya haya yangekwisha mapema zaidi, siku ya kutia sahihi mkataba. Kampuni zetu ndogo huandika bei na tarehe, basi. Siku za kupima hazitajwi, kwa hiyo hazina bei, na kisicho na bei ndicho cha kwanza kukatwa. Ziwekwe kama kazi inayolipiwa, na karani wa shule atajwe kuwa mmoja wa wapimaji. Uongezwe mstari mmoja unaosema nani atamrudishia mzazi aliyekatwa mara mbili, kutoka mfuko gani, ndani ya saa ngapi. Mteja akiuona mstari huo ataanza kuuliza maswali kuhusu mtandao kukatika, na atayauliza mwezi Mei, wakati bado kuna muda wa kuyajibu.